Kugonga

Tbilisi, majira yale ya baridi,
umeme ulikuja saa moja kwa usiku, au haukuja.
Mashine ya eksirei ilifunikwa shuka
kama maiti ambaye nduguze hawajafika.

Mwalimu Mzevinar Kiknadze alipanda ghorofa nne kwa miguu,
koti juu ya koti,
na juu ya yote lile jeupe, limefuliwa.
Tulijiuliza: maji kayapata wapi?

Mshahara wa mwezi ulinunua mikate mitatu.
Alitutajia mwenyewe, kavu,
kama anayetaja kipimo cha dawa.
Profesa wa moyo alikuwa sokoni akiuza sigara mojamoja.
Wa macho alikwisha kuhama.

Akaweka mezani mtungi wa divai wa babu yake.
"Otia, fumba macho. Gonga.
Niambie divai imeishia wapi."

Ngo, ngo, ngo,
ndu.

"Hapa."
"Hapo ndipo maji yanapoanza katika pafu la mgonjwa wako.
Debe tupu huvuma, nanyi hulicheka.
Kifuani, kuvuma ndio uzima.
Kidole hakihitaji umeme."

Tukagonga. Tukagongana vifua, tukagonga mikate, milango.
Dodo aligonga ukuta wa chumba chake usiku,
jirani akamjibu.

Machi, siku mbili hakuonekana.
Tukasema, naye pia.
Ya tatu tukasikia ngazi zikikohoa,
ghorofa ya kwanza, ya pili, kimya kirefu, ya tatu.
Hakuleta mtungi.
Alivua makoti, moja, la pili, la tatu,
akaketi kitini, akatugeuzia mgongo
mwembamba, pingili zote za kuhesabika.

"Otia."

Ngo, ngo. Akashuka mbavu moja. Ngo.
Akashuka.
Ndu.

Mkono wa Otia ukabaki pale pale.
Hakuna aliyepumua isipokuwa yeye, kwa shida.
"Sema," akasema bila kugeuka.
"Mgonjwa anasubiri."
"Hapa, mwalimu."
"Upande?"
"Kulia."
"Kiasi gani?"
Otia akaanza kulia. Akajibu huku analia,
na jibu lilikuwa sahihi, na alipewa alama.

Alipona, polepole, akatufundisha miaka tisa zaidi.

Mtungi hakuna aliyeurithi.
Aliuuza Aprili, akarudi na glavu, jozi arobaini.
Mimi leo nafundishia ndoo ya plastiki.
Taa zote zinawaka. Nawaambia wafumbe macho.