Daftari la Maana

Kiharusi kilipita kichwani mwa Alban
kama mwizi asiye na haraka.
Kilichukua mkate, kikachukua mlango,
kikachukua jina langu, Hester,
na majina ya wana wetu wote wawili.
Kikaacha misemo.

Mtaalamu wa usemi pale hospitali ya Halifax,
msichana mwenye viatu vya kijani,
alisema misemo hukaa chumba kingine cha ubongo,
pamoja na matusi, na sala, na kuhesabu hadi kumi.
Basi huko ndiko aliko mume wangu.
Mimi hubisha hodi.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, jua limejaa hadi ndani ya sinki,
akanyoosha kidole dirishani:
"Inanyesha paka na mbwa."
Hapakuwa na hata wingu.
Nikafungua dirisha. Akakunja uso. Nikalifunga. Vilevile.
Robo saa nzima ndipo nikaona magoti yanatetemeka.
Alitaka blanketi.

Nikatafuta daftari la zamani la bili za gesi,
nikaanza kuandika. Kwa penseli, kwani maana hugeuka.

"Kipande cha keki": zamani, jambo jepesi.
Siku hizi ni vifungo vya shati vinapomshinda,
na ole wangu nimsaidie.

"Paka katoka mfukoni": shuka zimelowa.
Hili hulisema akitazama ukuta.

"Nguruwe wakiota mabawa" ni Desmond, kaka yake,
aliyeahidi kuja Jumapili.
Hakuja. Nyingine ikapita, hakuja.
Tulicheka hadi nikamfuta Alban machozi, kisha yangu.

"Vunja mguu," huniaga nikienda dukani.
Nadhani ni kusema, usikawie.
Nami hukanyaga barafu taratibu, mtu hajui.

Miaka arobaini na mmoja alipanga vigae juu ya nyumba za watu,
mtu wa maneno ya kuhesabu:
ungemuuliza Jumanne, ukajibiwa Alhamisi.
Sasa huongea kutwa.
Mungu anisamehe, kuna siku najiona nimepata mume mpya.

Ukurasa mmoja niliuruka kwa makusudi.
"Kupiga ndoo teke." Hilo mtaani kwetu halihitaji daftari;
limeshapita nyumba namba sita, na namba tisa mara mbili.

Jana usiku wa manane akanishika kidole gumba.
"Piga ndoo teke," akasema, polepole,
na akarudia.
Nikalala macho wazi. Moyo ukanipanda kooni.
Nikasema, bado, Alban. Bado, tafadhali.
Akatikisa kichwa kwa hasira, akaelekeza sikio gizani,
nami nikasikia:
to. To. To.

Nilikimbia ukumbini pekupeku, sikuwasha taa,
na kidole changu cha mguu kikaikuta ndoo
niliyoitega chini ya ufa tangu Oktoba, imefurika,
ikabingirika ngazi zote kumi na tatu.

Kutoka kitandani nikamsikia akicheka.
Mganga hajigangi; fundi wa mapaa, paa lake linavuja.

Leo nimeuandika ule ukurasa.
Nimebonyeza penseli kidogo tu.