Mvua Ikipiga Mabati

Msinisimulie habari za shujaa.
Shujaa namjua: amefiwa na ndugu watatu,
amevuka mto, amebingirishwa mlimani,
na kola yake bado imenyooka
kama niliyoipiga pasi mimi leo asubuhi.
Mimi ni fundi cherehani, hapa Webuye,
nyuma ya kinu cha posho cha Makokha.
Asiyelowa kwapa simwamini.

Jumapili mchana nafunga cherehani
naenda kwa Wabwile, shilingi ishirini,
mabenchi ya kanisa lililohama,
pazia la gunia, na runinga yenye doa la kijani
ambalo humwangukia kila mmoja shavuni, mwema kwa mwovu.
Saa tisa mvua inashuka kutoka Chetambe
na mabati yanaanza.
Hapo maneno yamekwisha.
Midomo inafumbuka, inafumba, kama kambare kwenye beseni.
Hapo ndipo naanza kutazama.

Maana mdomo hukariri.
Mgongo haukariri.

Yule mama wa ile filamu ya daraja:
wenzangu wanasema alilia vizuri. Alilia, ndiyo,
matone mawili, moja kila jicho, yakateremka sambamba
kama abiria waliokata tiketi pamoja.
Sikushtuka.
Kilichonimaliza ni kabla ya hapo.
Barua imemfikia, hajaifungua,
naye anakunja shati la mwanawe.
Anafunga kifungo cha juu,
anafungua,
anafunga.
Nani alimfundisha? Hakuna mwongozaji
ajuaye hilo la kifungo. Hilo alitoka nalo kwao.

Na jambazi mwenye jino la fedha!
Hapo Nasipwondi na mimi nusura tukosane.
Yeye anasema jamaa kazidisha chumvi,
anacheka hata akiwa peke yake msalani.
Nami nasema ndiyo maana:
anayecheka peke yake anajizoeza,
anaogopa siku ya kicheko chenyewe kisije kumtoroka.
Mtazame mkono wa kushoto, Nasipwondi,
mkono wa kushoto haukucheka hata mara moja.
Akaniambia najishonea filamu yangu mwenyewe.
Labda.
Lakini kitambaa si walinipa wao?

Yule binti mwimbaji ni mrembo, sibishi,
ila huingia kila chumba akijua kamera iko wapi;
anabisha hodi na tabasamu keshalivaa.
Na chifu wa sinema ya pili, mwenye sauti ya radi,
mvua ilipomnyang'anya sauti
akabaki kofia na tumbo.

Kuna mmoja hata jina hakupewa.
Anapita nyuma ya mkahawa na kreti ya soda.
Chupa ni tupu, nimezihesabu, zote tupu,
lakini mabega yake yamezijaza.
Sekunde nne.
Nimelipa mara tatu kwa ajili ya sekunde hizo.

Aliyemzidi nimemwona mmoja tu, na hakuwa kwa Wabwile.
Mwaka walipompunguza kazi kiwanda cha karatasi
baba alirudi nyumbani saa zilezile,
akavigonga viatu kimoja kwa kingine mlangoni,
akauliza kama chai ina maziwa.
Siku kumi na tisa alitoka alfajiri na chakula chake,
akarudi jioni amechoka uchovu tuliousadiki.
Shati ndilo lililomwangusha:
halikuwa na ile harufu ya yai viza
iliyoganda kwenye mashati ya wenzake.
Mama alilinusa. Nilimwona akilinusa.
Kisha akalitia majini, akalisugua kola
kwa sabuni ileile, kwa muda uleule,
akalianika.

Mvua inapungua. Sauti zinarudi,
na shujaa, kama kawaida, ana hotuba.
Wabwile, tafadhali, rudisha nyuma kidogo.
Sio hapo. Nyuma zaidi.
Pale anapopita yule wa kreti.