Rudia

Heino Raudsepp alipokufa ilikuwa Februari,
mto Emajõgi umeganda, Tartu nzima inatembea kwa hadhari.
Aliniachia kabati, funguo mbili,
na mafaili mia nne na kumi na mawili
yasiyofunguka.

Mimi ni fundi wa maabara, si mwanazuoni.
Nimemwoshea chupa miaka ishirini na sita.
Alikuwa akigonga droo kwa kalamu, akisema:
"Akiba haiozi, Leelo."
Nami nikaitunza akiba.

Mashine iliyoyapima tuliiuza chuma chakavu.
Kampuni iliyoiunda ilifilisika
kabla binti yangu hajaota meno.
Programu yake ilitaka kidude cha kijani
kichomekwe nyuma ya kompyuta,
na kidude kilipotea tulipohama jengo.
Bila hicho, kioo kilinijibu kwa adabu:
Huna ruhusa.

Ruhusa ya nani?
Utomvu niliuchemsha mimi.
Fuwele nilizichuja mimi, vidole vimekufa ganzi.
Ndipo nikajua: akiba huoza,
ila haitoi harufu.

Nikamwandikia Iskuhi Torosyan, wa Gyumri,
ambaye hadi leo sijui hata urefu wake.
Akajibu usiku ule ule:
Nitumie faili moja,
na karatasi ya zamani iliyochapwa kutoka humo. Basi.

Siku tisa.
"Namba zimevaliwa kama soksi," akaandika,
"ndani nje. Baiti ya mwisho imetangulia."
Hakudai hata senti.
Msimbo wote akauanika hadharani, mistari mia tatu.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
yeye alitandua shuka, akawasha taa,
akawaita wapita njia waje kutafuta.
Mfamasia mmoja wa Kaunas akampata mmoja, mstari wa themanini na nane.
Jioni alikwisha kuuawa.

Mafaili yakafunguka.
Vilele vikasimama kwenye kioo, vyembamba, vyeusi,
kama miti ya Machi.
Nililia kidogo. Nikaenda kunawa.

Faili la mia mbili kumi na tisa
lilikuwa na nafasi ya maoni, ambayo hatukuwahi kuichapa.
Humo Heino aliandika:
*Sampuli chafu. Rudia.*

Hakurudia.
Makala naijua, nilibandika stempu mwenyewe kwenye bahasha.
Kiwango cha kuyeyuka, nyuzi mia na sabini na nne,
kikaingia kitabuni, kitabu kikanakili kitabu,
na waliosoma wakaapa kwa kurasa.

Nilikwenda kwa Virve, mjane wake.
Alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza.
Kisu kikasimama.
"Na hilo nalo lazima litoke?"
Sikuwa na jibu, nikachukua kiazi, nikamenya.
Baada ya muda akasema:
"Alificha hata presha yake.
Nilikuta vidonge kwenye buti.
Weka yote."

Nikaweka yote.
Maandishi matupu, yanayosomeka hata kwenye kompyuta mbovu ya kijijini.
Kila molekuli na jina lake, mstari mmoja wa herufi,
ule unaosomwa namna moja Tartu na kwingineko.
Vipimo, tarehe, mashine, mkono uliopima.
Na maneno yake matatu, sikuyagusa.
Mficha uchi hazai.

Septemba ilileta ujumbe kutoka Valparaíso,
kwa mwanafunzi aitwaye Nahuel Oyarzún.
Alikuwa amechemsha utomvu, amechuja,
amechuja tena.
Nyuzi mia na arobaini na saba, aliandika. Mara tano.
Chini yake neno moja tu:

Nimerudia.

Na faili.
Nikalibonyeza, pumzi nimeibana kwa mazoea.
Likafunguka.