Chanzo cha Kumi na Mbili

Dokta Lyatuu alitaka vyanzo kumi na viwili,
kila kimoja na maelezo yake chini,
kabla hatujaruhusiwa kuandika hata sentensi moja ya utafiti.
"Msiniambie kitabu ni kizuri," alisema, akifuta ubao kwa kiganja.
"Uzuri ni wa kanga. Niambieni kinasema nini,
nani anasema, alisimama wapi aliposema,
na ninyi mnakipeleka wapi."

Basi nikaanza na jina: la ukoo kwanza,
nukta, mwaka, nukta,
kichwa kwa herufi za mlazo, kama migomba baada ya upepo,
kisha mji, kisha mchapishaji.
Nilikosea mkato mmoja, Mbwambo wa maktaba akaucheka:
"Mkato ni jiwe la mfongo, binti.
Ukiliweka si pake, maji yanaingia shamba la watu."

Nilikuwa nimemwambia mada yangu: mifongo,
ile mifereji ya kale inayoteremka Kibosho kuja Moshi;
nani alikuwa na zamu, nani alikuwa na kiu.
Kitabu cha kwanza, kurasa mia tatu.
Nilikisoma siku nne, nikakikamua hadi sentensi tatu,
na ya nne ikasema: mwandishi hakuwauliza wanawake,
ingawa ndio waliokuwa wakichota.
Nikaifuta hiyo ya nne. Mimi ni nani?
Nikaiandika tena.

Cha tano nilikifuata kwa bando la mia tano;
kikafunguka nusu, umeme ukakatika.
Cha saba kilikipinga cha tatu.
Sikuvipatanisha. Niliviweka jirani, K na L,
vigombane vyenyewe.
Cha tisa nilikipenda mno, nikajikuta nanakili,
maneno yake yakitoka mkononi mwangu kama yangu.
Nikakifunga, nikatoka hadi kibanda cha fotokopi,
nikamsimulia Elirehema anayeuza kalamu
kwa maneno ya kununulia nyanya Kiboriloni.
Alichoelewa yeye ndicho nilichorudi kuandika.

Kumi na moja.

Cha kumi na mbili kilikuwa chini ya kitanda tangu msiba:
kaunta buku la shangazi Aikande,
katibu wa mfongo miaka kumi na tisa.
Mwandiko umeinama mbele, kama mtu anayepanda mlima na mzigo.
Zamu, majina, faini: debe la mbege, debe la mbege, kuku.

*Mlay, Aikande. Halina mwaka. Halikuchapishwa.
Mahali: jikoni.*

Kinasema nini? Hilo nililijibu upesi.
Nani anasema?
Aliyenilipia ada ya kidato cha tano.
Kalamu ikagoma hapo.

Maana chanzo cha nane, ripoti ya ofisi ya wilaya,
kavu, haina hata shukrani,
ukurasa wa arobaini na moja inasema
Julai ya ukame ule kuna familia ilifungulia maji usiku,
zamu isiyo yao,
na maharage ya mjane mmoja yakakauka yakiwa na maua.
Haitaji jina. Inataja cheo:
familia ya katibu.

Na katika kaunta buku, Juni inafuatwa na Agosti.
Katikati pamebaki meno ya karatasi.

Ningeweza kutafuta kingine. Vyanzo havikosekani.
Ningeweza kuandika "daftari lina thamani kubwa," nikalala.
Wenzangu wa chumbani walikuwa wanakoroma,
mlinzi anagonga geti kwa rungu, saa nane, saa tisa.

Niliandika hivi:
*Ndilo pekee linalowataja wachotaji kwa majina.
Linasomeka. Mwandishi ni ndugu wa mtafiti.
Udhaifu: Julai imechanwa. Linganisha na ripoti ya wilaya.*
Kisha nikampanga kwenye M,
nyuma ya watu asiowajua, bila upendeleo,
yeye aliyependa kukaa viti vya mbele.

Kazi zilirudi Jumatano.
Kwa Julai, Dokta hakuweka alama yoyote.
Pembeni ya Mlay tu, kwa wino mwekundu:
"Jikoni kwa nani? Kamilisha."