Hesabu ya Chokaa

Mimi ndiye niliyechora mistari.
Andikeni hilo kwanza, kabla ya majina ya wakubwa
na lile bango la Barabara Kuu, hapa Jinja,
lenye mamba mwenye meno mengi kuliko mamba.

Walikuja Machi, wageni watatu na kompyuta moja,
wakaupima uwanja wetu wa Walukuba kwa hatua,
wakauliza mbuzi ni wa nani.
Ni wa kila mtu, nikasema. Wakaandika.

"Tunaleta raga nyingine," alisema yule mrefu kupitia mkalimani
(mkalimani nilikuwa mimi, na sikulipwa),
"si ile ya watu kumi na watano.
Kumi na watatu tu. Na kila mmoja ana mshahara."

Mshahara! Neno lilitembea Walukuba
upesi kuliko habari ya maji kurudi bombani.
Vijana waliokuwa wakibeba magunia ya sukari Kakira
walirudi wakiuliza mabega yana bei gani.

Mama Nabirye aliushika mkataba kwa ncha za vidole,
kana kwamba umelowa.
"Yaani watakulipa uangushwe?"
"Mara sita, mama," Isabirye akajibu. "Ukiangushwa unaamka,
unausukuma mpira nyuma kwa unyayo, unaanza tena.
Ya sita ikifika, mpira ni wa wengine."
Mama akafikiri.
"Mimi nimeangushwa zaidi ya sita,
na hakuna aliyenipa hata hela ya chumvi."
Akaweka kidole, shahidi wa kwanza.

Sasa hesabu.
Timu yetu ya zamani ilikuwa kumi na watano.
Toa kumi na watatu.
Hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba jibu huwa na majina:
Tenywa, na Balidawa mwanangu.
Kocha alisoma orodha kwa sauti ya upole sana,
upole wa daktari wa meno.
Balidawa akakunja soksi zake, moja ndani ya nyingine,
akaniuliza kama nimekula.

Usiku wa kuamkia mechi chokaa ikapungua.
Kampuni ilikuwa na hema la wageni wa heshima,
matangazo redioni, fulana mia tano.
Chokaa hakuna.
Nikachanganya iliyobaki na unga wa muhogo,
na alfajiri nikakuta mbuzi wamelamba mstari wa mita ishirini
wote, kwa utaratibu, kama wameajiriwa.

Nikachora upya. Saa tisa mvua ikaja kutoka ziwani
kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua.
Nikachora upya.
Tiketi zilizouzwa: mia mbili na kumi na mbili.
Walioruka ukuta sikuwahesabu; wengine ni jamaa zangu.

Filimbi. Isabirye akaubeba mpira hatua nne,
vijana wa Lira wakamwangusha
kishindo kikanifikia miguuni.
Akaamka. Unyayo. Tena.
"Moja!" ukanguruma uwanja uliojifunza sheria wiki hiyohiyo,
"mbili!" na bibi zetu wa nyumba za juu, "tatu!"
kama watu wanaohesabu deni wanalodai.

Langoni Balidawa alikuwa akikaanga roleksi,
mayai mawili, nyanya, kabichi kidogo.
Mpira ukatoka nje, ukavuka mstari wangu,
ukabeba weupe kidogo ubavuni,
ukabingirika hadi kwenye jiko lake la mkaa.

Akafuta mafuta kwenye suruali. Akauinua.
Refa alinyoosha mkono.
Kumi na watatu walingoja, na kumi na watatu wengine,
na hema lote la wageni.
Yai likaanza kuungua ukingoni.
Akaushika bado.