Tone la Kumi na Saba

Ovari zimefika saa mbili asubuhi kutoka machinjioni
ndani ya chupa ya chai ya Ishiguro.
Nje, theluji imepanda hadi kwenye madirisha,
Tokachi nzima imesitiriwa kama maiti.
Nazipokea mkononi, zina ukubwa wa kungu, bado vuguvugu.
Mwenyewe keshapimwa kilo, keshaandikiwa bei.
Hiki ndicho alichosahau kuondoka nacho.

Nachoma sindano, nafyonza.
Mayai kumi na tisa, kila moja na wingu lake.
Mchana na usiku wa kupevuka,
kisha mbegu za fahali aliyekufa
kabla sijajua kusoma,
na bado anaitwa baba kila mwaka.

Halafu kila mmoja na tone lake, chini ya mafuta.
Tone dogo kuliko chozi.
Wewe nilikuweka la kumi na saba.

Nikwambie jambo.
Zamani nilikuwa mlafi kwa niaba ya wenzako.
Niliwamiminia majimaji ya damu, yale manono,
nao wakakimbia: siku ya tano wameshajaa, wanameta,
nami nikapiga makofi peke yangu kwenye chumba cha giza.
Mbio za sakafuni.
Majira ya kuchipua nikaitwa kwa akina Kumagai.
Ndama kilo sabini na moja,
ulimi umejaa kinywa,
mtamba amepasuliwa ubavu, na hakuna aliyepona.
Bibi Tatsue aliosha sakafu kimya,
ndoo baada ya ndoo.
Kisha akanipa chai.
Kosa lilikuwa langu, na yeye akanipa chai.
"Huyu," alisema, "alilishwa na mtu asiyejua kusema basi."

Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza kunyima.
Nimewapunguzia hewa: hii tuivutayo sisi
kwenu ni karamu yenye moto ndani yake.
Nimewapunguzia mwanga, sukari, kelele za friji.
Mrija wa ng'ombe, inchi chache za giza,
haujawahi kusoma kitu,
lakini hubadilisha chakula kila siku bila kuulizwa,
hupapasa, husukuma, hujua lini.
Miaka kumi na mmoja nauiga
kwa plastiki na gesi
na namba moja nyekundu: thelathini na nane na nusu.

Mwenye maabara anataka asilimia.
Nampa. Zimepanda, anafurahi, ananunua keki.
Simwambii kwamba nusu ya ufundi wangu
ni kusimama mbele ya mlango wa kabati lenu
mkono mfukoni,
nikijizuia kufungua.

Wewe ulichelewa.
Wenzako walipokuwa wawili ulikuwa mmoja bado.
Walipokuwa wanane ulikuwa wanne, tena wasiolingana.
Siku ya sita nilikwisha kukufuta kwa penseli.
Siku ya saba asubuhi, mfano wa topetope changa,
na ndani, pembeni kabisa,
chumba kidogo cha maji kimefunguka.
Nikatafuta kifutio. Sikukiona.
Nikaandika upya juu ya ule mstari.

Sasa uko ndani ya mrija mwembamba kama unyasi,
na mrija uko ndani ya shati langu, juu ya mbavu,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
gari la Ishiguro linateleza, anatukana kwa adabu.
Ukihisi ngoma, ni mimi. Usiizoee.

Zizini mtamba mweusi na mweupe anatafuna, hana habari.
Mvuke unampanda mgongoni.
Dakika nne, mkono wangu ndani hadi begani,
basi, umekwenda.
Siku mia mbili themanini na kitu.
Safu hiyo ya daftari sina la kuijaza.

Bibi Tatsue yuko mlangoni na taa.
"Huyu umemlisha nini?"
"Kidogo," nikasema.
Akanitazama kitambo.
Akaenda kuchemsha maji.