Miundu

Umeme umekatika Wete tangu saa tatu.
Nimeivuta hadubini hadi dirishani,
ile kongwe, yenye kioo chini cha kunasia jua,
nikapangusa lenzi kwa ncha ya kanga.
Damu ni ya Faki Kombo, miaka saba, wa Kangagani.
Tone moja. Nimelitandaza, nikalipaka rangi,
nikalisuuza, nikalianika
kama karafuu moja juu ya jamvi zima.

Mwalimu Ussi alikuwa akituambia skuli:
Usinitajie jina la seli.
Niambie inafanya nini mchana kutwa,
nami nitakuchorea umbo lake.
Na kweli alichora, chaki ikimvunjikia:
unywele wa mzizi wa mkarafuu,
kidole kilichojinyoosha udongoni
kwa kuwa maji hayamfuati mtu;
midomo miwili chini ya jani,
ikishiba hufunguka,
ikinywea hujifunga, haisemi na mtu.

Seli nyekundu akaichora mwisho.
Kileja, alisema, kilichobonyezwa gumba
juu na chini, kikabaki chembamba katikati,
hewa isiwe na safari ndefu kuingia.
Na kiini? aliuliza Time, aliyekuwa akiuliza kila kitu.
Imekitupa.
Mchukuzi wa magunia pale gatini
huvua shati, huacha viatu;
hii imeacha hata kumbukumbu ya kuzaa,
mradi ibebe.
Siku mia na ishirini inabeba,
ikijikunja vichochoroni mwembamba kuliko yenyewe,
ikijikunjua upande wa pili.

Sasa naangalia.
Vileja vipo, vimefifia katikati kama itakiwavyo.
Kisha moja. Hii hapa.
Na hii.
Zimejipinda, zimechongoka ncha zote mbili,
hazikunjiki.

Mundu si umbo baya.
Bi Mize, mama yake Faki, anao nyumbani,
mpini umelainika kwa kiganja chake,
bonde zima la mpunga linautambua.
Umbo limepotea njia, basi.
Limekwenda kuvuna pasipo na shamba,
ndani ya kijishipa cha nyonga ya mtoto,
likakwama, na nyuma yake foleni.

Na usiku mtoto analia.
Hapo ipo seli nyingine, niliyoikosea kwenye mtihani:
moja, moja tu, inaanzia kando ya uti wa mgongo,
inateremka paja, goti, muundi,
hadi kidole gumba cha mguu,
uzi mrefu kuliko subira yangu.
Imeumbwa kupeleka habari.
Inapeleka. Haidondoshi hata neno.
Hili Mwalimu Ussi hakutuambia,
kwamba umbo lililoifaa kazi yake sawasawa
laweza kumliza mtu hadi adhana ya alfajiri.

Bi Mize yuko mlangoni: Umeona nini, mwanangu?
Nasema: Njoo uone mwenyewe.
Anainama, anafumba jicho lile la kuonea,
nacheka, anacheka, anabadilisha.
Kisha hacheki.
Kama wangu, anasema. Wa mpunga.
Anasema hivyo kama mtu aliyekuta chombo chake
kwenye nyumba ya watu.

Faki naye anataka.
Nampandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Kimya kirefu, pumzi yake inaweka ukungu kwenye lenzi.
Halafu: Mama! Mwezi umeandama!
Anahesabu, mmoja, miwili, mitano,
minane, anapotea, anaanza tena.
Sikukuu ngapi hizo, mama?
Nguo ngapi mpya?

Wingu limepita, kioo kimepoteza jua.
Naandika jibu kwenye karatasi ya daktari.
Maji, namwambia Bi Mize, anywe maji mengi,
asipigwe na baridi, vidonge vya foliki visikatike.
Anaitikia kila neno.
Mtoto bado yuko juu ya ndoo,
anasubiri wingu liondoke.